Bomu la zamani halifi kwa kutu

Kuna watu hapa Malindi wanaamini ati bomu lililokaa mchangani tangu ndege za Waitaliano zilipoupiga mji Oktoba 1940 lishakufa, kutu imelimaliza. Jamani sio hivyo! Kutu inakula chuma cha nje, TNT, ile baruti iliyo ndani, haiozi, na fyuzi, kile kidude cha kulilipua, ikichakaa ndio hatari zaidi maana kile kipini cha kuizuia chaweza kuwa kishakatika, jembe likigusa tu basi. Na mashine ya kutafuta chuma ikilia haikwambii kama ni kifuniko cha soda ama bomu. Ukifukua ukaona kitu kama pipa dogo lenye mapezi nyuma, wacha hapohapo, usikigonge wala kukibeba kwa boda ukauze vyuma chakavu, rudi ulikopitia, piga 999.