Sablaksesheni: pingili "iliyohama" katika tiba ya kairopraktiki

Ukienda kwa tabibu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, unaumwa mgongo, huenda ukaambiwa una sablaksesheni. Kwa mafundisho ya mwanzo ya tiba hiyo, maana yake ni kwamba pingili ya uti wa mgongo imesogea, ikabana mshipa wa fahamu, na maradhi yakaanzia hapo.

Wazo hilo ni la Daniel David Palmer wa Davenport, Iowa, Marekani. Mwaka 1895 alimsukuma pingili Harvey Lillard, mfanya usafi aliyekuwa hasikii vizuri, akatangaza kuwa amemponya. Lakini mshipa wa kusikia haupiti kwenye uti wa mgongo kabisa; unatoka kwenye ubongo na kwenda sikioni.

Tabibu hupimaje? Hukusimamisha atazame kama mabega na nyonga viko sawa. Hukulaza kifudifudi alinganishe visigino, aone kama mguu mmoja umekuwa mfupi. Kisha huweka vidole gumba kandokando ya uti na kubonyeza pingili moja baada ya nyingine huku ukiinama na kugeuka, akitafuta palipokaza. Kipimo hiki ndicho kinachotegemewa zaidi, na ndicho dhaifu: matabibu wawili wakimpapasa mgonjwa yuleyule, mara nyingi kila mmoja hutaja pingili yake. Huafikiana zaidi juu ya mahali panapouma. Hata eksirei haimalizi ubishi, maana wapo wengi ambao uti wao haujanyooka sawasawa na hawaumwi chochote. (Kibiongo na mgongo uliopinda upande ni mambo mengine, hayo hupimwa kwa nyuzi za pembe kwenye picha.)

Mwaka 2010 baraza linalosimamia taaluma hii Uingereza lilisema sablaksesheni ni dhana ya kihistoria, haina ushahidi kuwa ndiyo chanzo cha magonjwa.

Kunyooshwa kwenyewe si bure. Maumivu ya kiuno yanaweza kupungua, takriban sawa na kwa mazoezi tiba. Ule mlio wa "ko!" ni gesi ndani ya kiungo, si mfupa unaorudi mahali pake.

Ila kama maumivu ya mgongo yanaambatana na homa, kukonda na jasho la usiku, inaweza kuwa TB ya mgongo. Na ukipata ganzi katikati ya mapaja au mkojo ukagoma kutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo, wala usikubali mtu akusukume pingili.