Pasta Isiyo na Yai: Dhana Zinazowazuia Wapishi wa Mombasa, na Ukweli wa Unga Wenyewe

Mtu aliyezoea kupika tambi za nazi na iliki katika mwezi wa Ramadhani akiambiwa kwamba pasta mbichi hutengenezwa nyumbani kwa unga na maji matupu, bila yai, bila maziwa wala samli, jambo la kwanza atakalouliza ni itashikana vipi. Nimeulizwa hivyo Marikiti nikinunua manjano, nimeulizwa na wageni mezani, na nimeulizwa hata na jirani yangu ambaye kila Ijumaa husukuma chapati zaidi ya ishirini kwa unga, maji, chumvi na mafuta, pasi na yai hata moja, na sijaona chapati yake iliyomeguka mkononi. Nilipomkumbusha hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kazi yetu ile ile, dadangu." Ni kwa ajili ya watu kama yeye ninaandika haya, kwa sababu inaniuma kuona chakula kizuri na cha gharama ndogo kikiachwa kwa woga usio na msingi.

"Pasta ya kweli lazima iwe na mayai"

Chanzo cha dhana hii kinaeleweka. Pasta mbichi inayosifiwa zaidi ni ile ya Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia, ambako unga laini wa ngano hukandwa kwa mayai, na sheria ya Italia yenyewe inataka pasta inayouzwa kwa jina la pasta ya mayai iwe na mayai yasiyopungua manne kwa kila kilo ya semolina, yaani unga wa ngano wa punjepunje. Lakini ukishuka kusini, hadi Puglia na Sicilia, desturi ni nyingine kabisa: huko hukandwa semolina ya ngano ngumu, iitwayo durumu, kwa maji tu. Katika mji mkongwe wa Bari kina mama huketi vichochoroni mbele ya milango yao wakitengeneza orecchiette, yaani vijisikio, kwa kisu butu na kidole gumba, wakizungumza na wapita njia huku mikono ikiendelea na kazi, na mtu aliyekulia kwenye baraza za Mji wa Kale wa Mombasa hawezi kuona ugeni wowote katika hali hiyo. Toscana nako kuna pici, tambi nene zinazofikichwa kwa viganja, ambazo asili yake ni unga, maji na pengine mafuta kidogo ya zeituni.

Zaidi ya hayo, chukua pakiti ya spageti dukani uigeuze, usome viungo vyake: mara nyingi utakuta semolina ya ngano ya durumu peke yake, au pamoja na maji. Tangu mwaka 1967 sheria ya Italia imeagiza kwamba pasta kavu ya nchi hiyo itengenezwe kwa ngano ya durumu. Kwa hiyo wengi wetu tumekula pasta ya mimea tupu tangu utotoni bila kuiita hivyo. Neno la Kiingereza "vegan", linalotumika leo kwa watu wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama, lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, wakati Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao. Chakula chenyewe kilikuwako karne nyingi kabla ya neno hilo.

Na kwa kuwa tumegusa historia, ile hadithi ya kwamba Marco Polo ndiye aliyeleta pasta Italia kutoka Uchina haina ukweli. Marco Polo alirudi Venezia mwaka 1295. Mwanajiografia al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicilia, alikuwa amekwisha kuandika kuhusu mahali panapoitwa Trabia, karibu na Palermo, ambapo tambi ziitwazo kwa Kiarabu itriya zilitengenezwa kwa wingi na kupakiwa majahazini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Kitabu hicho hicho ndicho kinachoitaja Mombasa, na hilo hunipa furaha ya pekee kila ninapolikumbuka.

"Yai ndiyo gundi, bila yai unga utatawanyika majini"

Yai lina kazi yake, sikatai. Protini zake huganda kwa joto na kuikaza pasta, na kiini chake huongeza rangi na ulaini. Hata hivyo, kinachoishika pasta ni gluteni. Ndani ya unga wa ngano mna protini mbili kubwa, gliadini na glutenini, ambazo zikiwa kavu hazifanyi lolote, lakini zikikutana na maji na kukandwa huungana na kuwa wavu unaonyumbulika. Gliadini huufanya wavu uvutike, glutenini huufanya urudi ulikotoka, na chembe za wanga hukaa ndani yake kama dagaa waliokamatwa na jarifa. Pasta ikiingia katika maji yanayotokota, wanga huvimba, protini hukaza, na umbo ulilolikata hubaki. Tambi zinapotawanyika sufuriani, mara nyingi sababu ni unga uliotiwa maji mengi, au uliokandwa kwa haraka, au uliosukumwa kabla ya kupumzika.

Kipimo changu ni gramu 400 za unga kwa mililita 200 za maji ya uvuguvugu, kiasi kinachotosha watu wanne. Unga wa kwetu Pwani hunyonya unyevu wa hewa ukiwa bado mkebeni, kwa hiyo huweka kando vijiko viwili vya maji na kuvitia tu nikiona vinahitajika. Dakika mbili za kwanza donge huonekana limeharibika: limepasukapasuka, limeacha unga mkavu pembeni ya bakuli, na mkono unatamani kuongeza maji. Usiyaongeze. Lisukume kwa kitanga cha mkono, likunje, lizungushe, lisukume tena. Kufikia dakika ya tano nyufa huanza kujifunga zenyewe, na kufikia dakika ya kumi uso wa donge huwa laini kama ndewe ya sikio. Libonye kwa kidole. Kishimo kikiinuka polepole, lifunike kwa bakuli lililopinduliwa na uliache nusu saa. Ukilisukuma kabla ya hapo litajikunja na kurudi kama mpira, lakini baada ya muda huo donge lile lile hutandazika kibaoni bila kushindana nawe, kwa kuwa unga umekunywa maji yake yote na ule wavu umelegea.

Hapa ndipo wapishi hodari wa chapati hujikwaa, kwa sababu wanadhani donge la pasta na la chapati ni kitu kimoja. La chapati hutakiwa kuwa laini, lenye mafuta, na wengi hulikanda kwa maji ya moto sana, ambayo huuivisha wanga kiasi na kuudhoofisha ule wavu, na chapati ikawa teketeke. Pasta inataka kinyume chake: donge gumu, maji ya uvuguvugu tu, na kama utatia mafuta, kijiko kimoja kinatosha. Donge linalonata vidoleni halitakupa tambi, litakupa uji.

"Suji na semolina ya pasta ni kitu kimoja"

Si lazima. Suji inayouzwa madukani kwetu kwa ajili ya basbusa na halwa inaweza kuwa imesagwa kutoka ngano ya kawaida, na punje zake ni kubwa kuliko za semolina iliyosagwa mara mbili inayotumiwa kwa pasta. Ukiikanda kama ilivyo, donge hubaki na chengachenga na kukatika likisukumwa. Soma pakiti uone kama imetajwa ngano ya durumu. Kama haikutajwa, isage tena kwa blenda hadi iwe kama mchanga mwembamba wa pwani, uchanganye nusu yake na nusu ya unga wa ngano wa kawaida, na uiache donge ipumzike saa nzima. Na ukikosa suji kabisa, unga wa ngano wa chapati peke yake unatoa tambi nzuri, laini zaidi kidogo, ambazo hazina aibu mbele ya mgeni yeyote.

"Lazima kitiwe kitu cha kushika mahali pa yai"

Nimeona watu wakihangaika kutafuta mbegu za kitani, ndizi iliyopondwa na maji yaliyochemshiwa dengu, kana kwamba yai likiondoka huacha pengo ambalo ni lazima lizibwe. Hakuna pengo. Anayependa rangi ya kiini cha yai akoroge robo kijiko cha chai cha manjano katika maji kabla ya kukanda. Anayependa ladha nzito zaidi anaweza kubadilisha gramu 40 kati ya zile 400 kwa unga wa dengu, ule wa bajia, ila asizidishe sana, kwa kuwa dengu halina gluteni na kila kijiko chake hupunguza nguvu ya wavu.

Majirani zetu Wagujarati wamelijua hili kwa muda mrefu. Chakula chao kiitwacho dal dhokli ni vipande vya unga wa ngano uliokandwa kwa maji, manjano na pilipili, vikasukumwa vyembamba, vikakatwa na kupikwa ndani ya mchuzi wa dengu, bila yai. Ukiondoa samli inayotiwa juu na wengine, hiyo ni pasta ya mimea tupu inayopikwa katika mitaa yetu, na ninasikitika kwamba hatuitaji tunapozungumzia pasta.

"Bila mashine haiwezekani"

Kibao na kifimbo cha kusukumia chapati vinatosha. Sukuma hadi uione rangi ya kibao kwa mbali kupitia unga, nyunyiza unga mkavu, kunja kama jamvi, kata kwa kisu kikali, kisha uzikung'ute tambi mara moja zisishikane. Vijisikio havihitaji hata kifimbo. Fikicha unga uwe kamba ya unene wa kidole, ukate vipande vya sentimita moja, uburute kila kimoja kwa kisu butu hadi kijikunje, halafu ukigeuze juu ya ncha ya kidole gumba.

Vivyo hivyo kuhusu mafuta kwenye maji ya kuchemshia: huelea juu na hayazuii kitu kushikana. Kinachozuia ni maji mengi, takriban lita moja kwa kila gramu 100, yanayotokota kwelikweli, na kukoroga katika dakika ya kwanza. Wala pasta isioshwe kwa maji baridi baada ya kuiva ikiwa italiwa na mchuzi, kwani wanga ulio juu yake ndio unaoushika mchuzi.

"Kwa kuwa haina yai, haiharibiki"

Dhana hii naiogopa kuliko zote kwa sababu inaweza kumdhuru mtu. Kuondoa yai kunaondoa hatari moja, lakini unga wenye maji ni chakula cha vijidudu katika joto la Mombasa, na unga mkavu wenyewe ni kitu kibichi ambacho kinaweza kuwa na bakteria. Donge lisionjwe kabla ya kupikwa, na watoto wasipewe walambe. Mwaka mmoja niliziacha tambi zangu juu ya sinia zikauke wakati wa mvua za Mei. Asubuhi zilikuwa bado zinanyumbulika, na siku ya tatu niliona madoa ya kijani kwenye ncha zake, nikazitupa zote kwa uchungu. Msimu wa kaskazi hewa huwa kavu kidogo, lakini hata wakati huo simshauri mtu azikaushe ili aziweke kabatini. Zitandaze kwenye sinia lenye unga, uziingize kwenye friza hadi zigande, kisha uzitie mfukoni. Siku ya kupika zitoke friza moja kwa moja hadi maji ya moto, bila kuyeyushwa. Donge likikaa kwenye friji kwa siku moja linaweza kubadilika rangi na kuwa la kijivujivu kwa sababu ya vimeng'enya vya unga, jambo lisilo na madhara ingawa halipendezi macho.

Wengine hudhani kwamba pasta isiyo na kitu cha mnyama inamfaa kila mtu. Mgonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake hudhuriwa na gluteni, haimfai hata kidogo, kwa kuwa gluteni ndiyo iliyoijenga.

"Haina lishe"

Malalamiko haya yana chembe ya haki. Protini ya ngano ina upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili huvipata katika chakula tu, na vyakula vya mimea kwa kawaida havina vitamini B12, kwa hiyo mtu aliyeacha kabisa vitu vya wanyama anahitaji kuipata B12 katika vyakula vilivyoongezewa virutubisho au kwa vidonge. Lisini, kwa upande mwingine, imejaa katika jamii ya kunde, nasi hatuna upungufu wa jamii hiyo. Mbaazi za nazi zinazoliwa na mahamri asubuhi hukaa vizuri sana na vijisikio, kwa sababu kila kijisikio hubeba mbaazi moja au mbili na mchuzi wake.

Kaanga kitunguu, thomu na pilipili mbichi, tia mbaazi zilizoiva pamoja na tui jepesi, uache zichemke. Chemsha vijisikio vibichi katika maji ya chumvi kwa dakika nne au tano, uvitoe vikiwa bado na ugumu kidogo katikati, uvimwage ndani ya mbaazi pamoja na nusu kikombe cha maji yake. Tui zito litiwe mwisho, moto ukiwa mdogo, likorogwe upande mmoja lisikatike, na sufuria liepuliwe mara tu mchuzi unapoanza kuganda kwenye mwiko.