Je, wajua pomboo wanahesabiwaje wakati muda mwingi wako chini ya maji?

Huku Arusha tumezoea wanyama wanahesabiwa kwa ndege. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, makao makuu yao yako hapa hapa mjini, ndege inapita juu ya mbuga kwa mistari, watu wanaandika tembo waliowaona, hesabu inapigwa. Sasa mtu akisikia kuna watafiti wanahesabu pomboo Kizimkazi, kusini mwa Unguja, anajua ni mambo yale yale: unapanda boti na daftari lako, moja, mbili, tatu, jioni unarudi na jibu.

Haiendi hivo kabisa. Tembo mwili wote uko juu, ukimkosa labda kajificha kwenye miti. Pomboo anaibuka kuvuta pumzi, anazama, anatokea upande wa pili wa boti unamwandika tena, akitokea nyuma unamwandika tena, kwa hiyo ni mmoja ila daftarini washakua watatu. Na muda huo huo kuna wengine wako chini hujawaona hata kidogo. Yaani kosa moja linaongeza namba, lingine linapunguza, na huna namna ya kujua lipi limeshinda. Afu hawana kundi moja la kudumu, asubuhi yuko na hawa, mchana yuko na wale. Droni nayo inaona walio karibu na uso wa maji tu.

Kwa hiyo watafiti hawahesabu vichwa, wanapiga picha pezi la mgongoni. Ukingo wake wa nyuma ni mwembamba, unachanika kwa meno ya wenzake na vitu vingine vya baharini, na pengo likishatokea halizibi, kwa hiyo kila mmoja unamjua kwa mapengo yake. Mikwaruzo ya ubavuni sio ya kutegemea sana, inafutika, na ukiwa upande wa pili huioni.

Sawa, umewatambua. Utajuaje idadi ya ambao hujawahi kuwaona? Hapa ndo patamu. Chukulia Hiace za Arusha zote zimeng'olewa vibao vya namba, unazijua kwa mibonyeo tu. Jumatatu unakaa Mnara wa Saa unapiga picha Hiace 40. Ijumaa unarudi unapata 50, unakuta 10 ni zile zile za Jumatatu. Yaani moja ya tano ya za Ijumaa ulishaziona, basi na zile 40 zako zitakua kama moja ya tano ya Hiace zote, jumla 200. Kwa macho yako umeona 80, ila umepata habari za 120 ambazo hujawahi kukutana nazo!

Ila hesabu hii ni nyepesi kuharibika. Ukishindwa kuitambua Hiace moja tu kwa sababu picha imetoka ukungu, za kujirudia zinakua 9 na jumla inaruka mpaka 222, kosa moja limezaa Hiace 22 za hewani. Ndo maana picha mbovu zinatupwa bila huruma. Kuna pomboo wanapenda kusogelea boti na kuna wanaozikimbia, na hapo wale wale wakijirudia sana jumla inashuka kuliko ukweli. Watoto nao pezi bado safi halina alama, inabidi ukadirie wako kwa kiasi gani afu uwaongeze.

Kizimkazi utalii wa pomboo ulianza miaka ya 90 mwanzoni, kabla ya hapo walikua wanavuliwa wawe chambo cha papa. Kati ya 1999 na 2002 njia hii ilitoa pomboo 136 hadi 179 wa aina yenye mdomo kama chupa, na 58 hadi 65 wa wale wenye nundu mgongoni. Namba hizo ni makadirio, na ni za kieneo cha kama kilomita za mraba 26 tu, kwa hiyo akikuuliza mtu Zanzibar nzima ina pomboo wangapi, usimpe hizo.