Tazama kidole cha mtoto kabla ya kuchagua kitabu au kishikwambi

Shule ikipata fedha kidogo za maktaba, mjadala huwa uleule: vitabu au vishikwambi? Sisi wakutubi tungependa mjadala huo uanzie kwenye kidole cha mtoto anayesoma. Juu ya karatasi, kidole cha msomaji mchanga hutembea chini ya mstari, husimama kwenye neno lililomshinda, kisha hushikilia ukurasa huku macho yakirudi kuchungulia picha iliyopita. Juu ya skrini, kidole hichohicho aghalabu hutafuta cha kubonyeza, na kikikuta kitu kisichohusu hadithi, hadithi imekatika.

Jambo hili limepimwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliojumuisha tafiti 39 na watoto 1,812 wenye umri wa mwaka 1 hadi miaka 8, ulionyesha kuwa hadithi ileile ikihamishiwa kwenye skrini bila nyongeza yoyote, watoto huielewa vizuri zaidi kwenye karatasi. Ila nyongeza zilizotungwa kufafanua hadithi yenyewe ziligeuza matokeo, skrini ikaishinda karatasi. Kamusi ya kubonyeza ndani ya hadithi iliongeza msamiati, lakini haikusaidia kuelewa kisa, na wakati mwingine ilivuruga. Ndiyo maana tunashauri kamusi hiyo itumike katika usomaji wa pili, si wa kwanza.

Chukua hadithi ya mtoto aliyepotea msituni. Kwenye programu moja, ukibonyeza mti, tumbili anapiga ngoma. Ukibonyeza kobe, anacheza. Kwenye nyingine, ukibonyeza nyayo ardhini, unaziona zikielekea mtoni. Ukibonyeza uso wa mama, unamsikia akiita jina la mwanawe. Zote mbili zina picha safi na sauti nzuri. Ya kwanza itachangamsha darasa, na baada ya kurasa mbili hakuna atakayemkumbuka aliyepotea.

Basi kabla ya kuruhusu programu yoyote iingie darasani, fungua kurasa tatu za katikati, bonyeza kila kinachobonyezeka, na kila mara ujiulize: nimejua nini kipya kuhusu kisa? Jibu likiwa "hakuna" mara nyingi, iache, hata kama ni ya bure. Kagua pia kama sauti ya msimulizi inazimika, kama inafanya kazi bila intaneti, kama haina matangazo, na kama haimtaki mtoto aandike jina lake. Halafu angalia ukurasa unavyofunguka. Ukijigeuza wenyewe na huwezi kuuzuia, hiyo ni kasoro kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu unamnyima mtoto nafasi ya kukawia.

Vitabu vya picha vimejengwa juu ya kukawia huko. Vingi vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 8, 16 au 32. Mtunzi na mchoraji hupanga kisa ndani ya mikunjo hiyo: swali linaachwa mwisho wa ukurasa wa kulia, jibu linangoja nyuma yake. Picha moja huweza kutandazwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Kitabu kama hicho kikionyeshwa kwa projekta ukurasa mmoja mmoja, tembo anakatwa katikati. Chagua mwonekano wa kurasa mbili, na uweke jalada lisimame peke yake. Jalada lisipotengwa, kila ukurasa unaunganishwa na usio mwenzake, na picha zote zinaharibika kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa vishikwambi vidogo, faili za PDF za vitabu vyenye maneno mengi ni taabu, maana herufi hubaki ndogo. Tafuta toleo la EPUB, ambalo maneno yake hujipanga upya herufi zikikuzwa.

Pakua vitabu vyote siku moja kabla. Vifaa 30 vikivuta faili kwa wakati mmoja kwenye ruta moja, kipindi kinaisha duara la kusubiri likizunguka. Wape watoto wawili kifaa kimoja. Wakilazimika kusubiriana kabla ya kufungua ukurasa, watazungumza kuhusu hadithi. Wakati wa likizo, hifadhi vishikwambi vikiwa na chaji karibu nusu, kwani betri iliyoachwa tupu miezi mizima huweza isiamke tena.

Mtoto anayechagua kitabu rafuni naye ana kipimo mkononi. Afungue ukurasa wa katikati, asome, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole viwili au vitatu, kitabu kinamfaa. Vinne, atahitaji msaada. Vitano, asomewe kwanza. Kipimo hiki hakifai kwa vitabu vyenye maneno kumi kwa ukurasa, na kisitumike kamwe kumpokonya mtoto kitabu anachokipenda. Anayependa nyoka atapambana na neno gumu kuhusu nyoka.

Vitabu vinavyopendwa huchanika, na hapo kosa la kawaida ni seloteipu. Baada ya muda hugeuka njano, gundi yake hupenya kwenye karatasi, na plastiki ikibanduka huondoka na herufi. Ukurasa uliochomoka upakwe gundi nyeupe ya PVA kwenye ukingo wa ndani tu, mstari mwembamba usiozidi milimita 2 au 3. Urudishe hadi uguse mshono, weka karatasi yenye nta kila upande ili kurasa jirani zisigandane, funga kitabu, kiwekee uzito na ukiache usiku kucha. Asubuhi toa karatasi ya nta taratibu, na ujaribu kufungua ukurasa ule mara kadhaa kabla ya kukirudisha rafuni.