Zebaki kwenye maji taka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika majimbo ya Marekani yanayozunguka Maziwa Makuu ya huko, yaani Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario, mtambo wa manispaa unaotibu maji ya vyooni na majikoni unaweza kuwekewa kikomo cha zebaki cha nanogramu 1.3 kwa lita. Nanogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni. Kiwango hicho kilitokana na mwongozo wa mwaka 1995 wa shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA. Tangu hapo yamesemwa mengi, mengine na wahandisi wenyewe, na baadhi yake yanachelewesha kazi yenye maana.

Dhana: Maji yakifaa kunywa, hayawezi kumdhuru samaki

Hii ndiyo inayopotosha watu wengi zaidi. Kikomo cha zebaki katika maji ya kunywa nchini humo ni mikrogramu 2 kwa lita, sawa na nanogramu 2,000. Kwa hiyo maji taka yaliyotibiwa yanaweza kuwa na zebaki chini ya asilimia moja ya ile inayoruhusiwa kwenye glasi yako, na bado mtambo ukahesabiwa kuwa umevunja masharti. Ukisikia hivyo tu, utaona ni ukali usio na sababu.

Sababu ipo, nayo iko chini ya ziwa. Kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, sumu inayong'ang'ania misuli na kutoka mwilini polepole sana. Mwani huinyonya, vidudu hula mwani, samaki wadogo hula vidudu, na samaki wakubwa huwala wale wadogo. Kila hatua sumu inazidi kujikusanya, hata ikafika mahali mwili wa samaki mla-samaki una zebaki zaidi ya mara milioni ya ile iliyomo majini. Anayekunywa maji hupata kilichomo katika lita zake chache za siku. Anayekula samaki huyo hupokea kilichokusanywa na ziwa zima. Na 1.3 haikukokotolewa kwa ajili ya binadamu. Waliopigiwa hesabu ni wala samaki wa huko: mdiria, shakwe, tai, fisi maji na wenzao. Hesabu ya afya ya watu ilitoa namba iliyo juu kidogo, ikachukuliwa ile ndogo.

Dhana: Kiasi kidogo hivyo hakipimiki

Zamani kweli hakikupimika. Njia iliyozoeleka ilianza kuiona zebaki kwenye nanogramu 200 kwa lita, hivyo mitambo ikawa inaandika kwamba haikuonekana, na watu wakaamini haipo. Mwaka 1999 EPA iliidhinisha njia nambari 1631, ambayo huiona zebaki hata ikiwa nanogramu 0.2.

Kazi ngumu sasa ni kuchukua sampuli bila kuichafua. Kazi hii hufanywa na watu wawili. Chupa imefungwa ndani ya mifuko miwili. Mmoja hufungua mfuko wa nje na kushika vifaa vyote, mwingine hagusi kitu isipokuwa mfuko wa ndani na chupa yenyewe. Mwenye meno yaliyozibwa kwa amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine, huambiwa asiipumulie sampuli, kwa sababu mvuke kutoka kinywani mwake unaweza kuharibu kipimo. Matokeo yakija juu ghafla, kabla ya kulaumu mtambo ulizeni kwanza chupa ilishikwaje.

Dhana: Mtambo unaiondoa zebaki, basi imekwisha

Zebaki ni elementi. Haiozi, haimeng'enywi na bakteria, haiungui ikaisha. Mtambo wa kawaida huondoa takriban asilimia 90 ya zebaki inayoingia, kwa kuwa sehemu kubwa imejishika kwenye chembe zinazotuama. Lakini inayotoka majini inaingia kwenye tope la mtambo. Tope likichomwa bila vichujio vya moshi, zebaki hupanda hewani na kurudi na mvua, ambayo katika eneo hilo mara nyingi huwa na nanogramu zipatazo 10 kwa lita, juu ya kikomo chenyewe.

Dhana: Dawa ni chujio kubwa mwishoni mwa bomba

Teknolojia ipo: vichujio vya mchanga, utando wenye vitundu vidogo mno, kaboni yenye salfa ya kunasa zebaki iliyoyeyuka. Vyote vinasaidia, hasa vinavyopunguza chembe. Ila jimbo la Ohio lilikadiria kwamba kushusha zebaki kwa njia hii katika mitambo yake kungegharimu zaidi ya dola milioni 10 kwa kila ratili moja, yaani pungufu ya nusu kilo. Ndiyo maana Ohio huruhusu mtambo kubaki kwenye wastani wa mwaka usiozidi nanogramu 12, kwa sharti la kutafuta zebaki inaingilia wapi. Wanaoita hiyo leseni ya kuchafua hulisahau sharti hilo, na ndilo lenye faida kuliko yote.

Dhana: Wa kulaumiwa ni viwanda

Vimo, lakini chanzo kikuu cha zebaki inayofika kwenye mitambo ya manispaa ya Marekani ni kliniki za meno. Karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki. Daktari akichimbua jino lililozibwa zamani, unga wake hufyonzwa pamoja na mate. Kichujio cha kitini hunasa vipande, unga laini hupita. Kanuni ya mwaka 2017 iliwataka wafunge kitenganishi kinachonasa angalau asilimia 95, mwisho ukiwa 14 Julai 2020. Ilikataza pia kusafisha mabomba ya kufyonzea kwa klorini au peroksidi, kwa kuwa huyeyusha zebaki iliyokwisha kunaswa.

Kipimajoto kimoja cha homa kina kama nusu gramu. Nusu gramu hiyo inatosha kufikisha lita milioni 385 za maji safi kwenye kikomo cha 1.3. Mamlaka ya maji taka ya Duluth, Minnesota, iliyaelewa haya mapema, ikaanza miaka ya 1990 kukusanya vipimajoto na kufuatilia kliniki, maabara na viwanda kimoja kimoja.

Kwetu Afrika Mashariki zebaki nyingi hutoka kwenye uchenjuaji wa dhahabu na haipiti kwenye mabomba ya jiji, kwa hiyo mtambo wa maji taka hautaizuia. Lakini hospitali na maabara za shule tunazo. Zebaki iliyomwagika kwenye sinki hutulia kwenye kona ya bomba chini yake na kuendelea kuvuja kidogo kidogo miaka mingi baada ya vipimajoto kuondolewa. Fundi anayebadilisha bomba hilo avae glavu, aweke beseni chini, afungue kona taratibu, na kitakachotoka kiingie kwenye chupa yenye kizibo cha kukaza na lebo. Kisimwagwe kwenye sinki la jirani.