Maabara ya kifua kikuu: anza na hewa, kuta zitafuata

Bakteria wa kifua kikuu husafiri kwa hewa. Wakioteshwa maabara huwa wengi mno kuliko walivyokuwa kwenye makohozi ya mgonjwa, na chupa ikidondoka, matone yasiyoonekana kwa macho huelea chumbani muda mrefu. Kwa hiyo jengo la kuoteshea bakteria hao husanifiwa kwa daraja la 3 la usalama wa kibayolojia, yaani kiwango cha kinga dhidi ya vijidudu hatari vinavyosambaa kwa hewa. Michoro mingi huharibika mapema kwa sababu mwenye mradi hupanga vyumba kwanza, kisha humwita mhandisi wa hewa atafute pa kupitishia mabomba yake. Mhandisi huyo anapaswa kuwapo tangu mstari wa kwanza wa mchoro.

Hewa lazima itembee kutoka upande safi kwenda upande mchafu, isirudi. Hili hupatikana kwa kutoa hewa nyingi kuliko inayoingizwa. Chukua chumba cha mita 6 kwa 5 chenye dari ya mita 2.7: kina mita za ujazo 81. Hewa ikibadilishwa mara 12 kwa saa, feni ya kutoa itavuta mita za ujazo 972 kila saa. Feni ya kuingiza ipewe kama 830. Zile 140 zilizopungua zitapenya chini ya mlango kutoka chumba cha kuvalia mavazi ya kinga, kilicho kati ya korido na maabara, na hizo ndizo zinazomlinda kila aliye nje. Lengo la kawaida ni shinikizo la hewa katika chumba cha kuvalia kuwa paskali 15 (paskali ni kipimo cha shinikizo) chini ya lile la korido, na katika maabara paskali 30.

Paskali 30 ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 3 tu. Tundu dogo la waya linatosha kuuvuruga mpangilio wote. Dari ya vipande vya kuning'iniza haifai hata kidogo. Jenga dari ya zege au bodi zilizozibwa kila kiungo, ipakwe rangi ya epoksi. Mabomba ya nyaya yazibwe kwa silikoni nje na ndani pia, maana hewa hupita katikati ya nyaya zenyewe hadi kwenye soketi. Sakafu ipande ukutani kwa mviringo ili uchafu usikae pembeni. Madirisha yasifunguke. Na tafadhali, msitundike kiyoyozi cha kawaida cha ukutani baadaye kwa sababu ya joto: upepo wake huvunja pazia la hewa mbele ya kabati la usalama (kabati lenye feni na chujio ambamo bakteria hushughulikiwa), mahali hasa mtaalamu anapoweka mikono yake.

Hewa inayotoka hupitia chujio la hepa, linalonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Chujio likijaa, upinzani wake huongezeka hadi mara mbili au zaidi, kwa hiyo feni ichaguliwe kwa kuhesabu chujio lililojaa. Iliyopimwa kwa chujio jipya itazidiwa baadaye, na chumba kitapoteza mvuto polepole bila mtu kugundua. Feni ikae baada ya chujio, juu ya paa: bomba likipasuka ndani ya jengo litavuta hewa, halitaimwaga. Weka feni mbili, moja ya akiba.

Umeme ndio mtihani mkubwa kwetu. Feni ya kutoa iwake kwanza na izimwe mwisho. Ikisimama huku ya kuingiza inaendelea, maabara inasukuma hewa yake hadi koridoni. Mitambo hii miwili ifungamanishwe ili kusimama kwa ya kwanza kuzime ya pili papo hapo. Kabati la usalama na vidhibiti vipewe betri ya kuvusha muda mpaka jenereta ishike.

Vifaa vikubwa vipimwe kabla ya kujenga milango. Otoklevu (mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke wa moto) yenye milango miwili huingizwa ukuta ukiwa bado wazi, kisha huzungushiwa kizibo. Taka huingia upande wa maabara na kutolewa upande safi baada ya kupikwa kwa nyuzi 121. Majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri yakae nje ya eneo hili, kwani hutoa joto jingi na kuitwisha mitambo mzigo. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mabomba ya hewa baridi yavikwe vizuri kizuia joto, la sivyo unyevu utadondoka darini na kuleta ukungu.

Kabla ya kupokea jengo, shika moshi mbele ya kila mlango uone unaelekea wapi. Kisha kata umeme mkuu mitambo ikiwa inafanya kazi, na uangalie moshi huo tena. Ukigeuka kuelekea koridoni hata kwa sekunde chache, usitie sahihi.