Umetibiwa mishipa ya miguu, lumbesa unarudi kubeba lini?

Hapa kliniki Mbeya mtu akishatibiwa mishipa iliyovimba miguuni, swali la kwanza ni "dokta, kazini narudi lini?" na anayeuliza mara nyingi ni kuli wa Mwanjelwa, mpasua mbao wa Mafinga au mama anayechuma chai huko Tukuyu, watu ambao kazini hawana kiti.

Inategemea umetibiwaje. Kama mshipa umezibwa kwa leza au sindano ya dawa, wengi wanarudi kazi nyepesi ndani ya siku chache tu, ila ukifanyiwa opareshini ya kuchomoa mshipa hesabu wiki 1 mpaka 3, na mzigo mzito uje mwisho kabisa, aliyekutibu ndo akuruhusu.

Kwanini mzigo? Mwangalie mtu anavyojitwisha lumbesa ya viazi, lile gunia lililojazwa kupita kipimo: anabana pumzi, tumbo linakaza, shingo inatoka mishipa. Ile presha ya tumboni inazuia damu kupanda, inarundikana miguuni kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) ambazo ndo kwanza zinapona. (Lumbesa yenyewe imekatazwa kisheria lakini haya, tuwaachie watu wa vipimo.)

Wengine nao wanakosea kwa kulala. Ndugu wanakutandikia godoro, uji unaletewa hapo hapo, wiki nzima hujatoka hata uani, hapana jamani! Kigimbi ndo pampu ya mguu, kila hatua kinaminya vena damu inapanda kurudi moyoni, usipotembea damu inatuama na inaweza kuganda. Tembea kuanzia siku hiyo hiyo, kidogo kidogo. Kibaya ni kusimama palepale, kama mama lishe jikoni au mlinzi getini, sasa hapo nyanyua visigino mara kwa mara, ukipata nafasi kaa uweke mguu juu. Dereva wa malori ya Tunduma asishike usukani mpaka aweze kukanyaga breki ya ghafla bila maumivu, na njiani ashuke atembee.

Soksi za kubana vaa kwa muda ulioambiwa. Mbeya mwezi wa 7 halalamiki mtu, shida ni Kyela na joto lile, watu wanazivua kimyakimya.

Mwenye ajira rasmi aliyetimiza miezi 6 kazini ana likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya miezi 36, siku 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, ila peleka cheti cha daktari, na mwambie aandike kabisa "asibebe mzigo, asisimame muda mrefu" maana mabosi wengi wanaamini karatasi kuliko mguu. Kuli hana hiyo, kwahiyo ongea na wenzako mapema wakupe daftari uhesabu magunia kwanza.

Michubuko na mguu kukaza kidogo ni kawaida. Ila kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, usikandwe wala usichuliwe, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kifua kikibana au pumzi zikikata ghafla hata kama ni usiku wa manane tafuteni gari.